Kozi Iliyoandikwa na Kozi Inayofundishwa: Tahakiki ya Ruzuku za Kuboresha Ufundishaji katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki ruzuku zinazotolewa kwa vyuo vikuu kwa lengo la kuboresha ufundishaji na kusanifu upya kozi. Hoja yake kuu ni kwamba ruzuku hizo, licha ya manufaa yake, hugharimia kozi kama andiko, ilhali kozi ni kazi inayorudiwa kila mwaka na inayokula saa za watu. Makala yanachunguza mradi wa TESCEA uliotekelezwa Uganda na Tanzania, mradi wa HEET wa Tanzania, vituo vya umahiri wa ufundishaji vya Uingereza, na ruzuku ya serikali ya Afrika Kusini iliyoanza mwaka 2018. Aidha, yanaangalia nafasi ya Kiswahili katika nyaraka za usanifu wa kozi. Yanahitimishwa kwa mapendekezo manne yanayoelekezwa kwa wafadhili, serikali, mamlaka za ithibati na vyuo vyenyewe.

1. Utangulizi

Mwaka 2024 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wa sekondari ya chini nchini Uganda, mtaala ulioanza kutumika mwaka 2020, walifanya mtihani wao wa kidato cha nne. Kwa mwendo wa kawaida wa masomo, kundi hilo litabisha hodi vyuo vikuu mwaka 2027. Nchini Kenya, kundi la kwanza la wanafunzi waliosoma kwa mtaala wa umilisi linatarajiwa kufika chuo kikuu mwaka 2029. Burundi ilianza kuugeuza mpangilio wa shahada zake kwa kufuata mfumo wa BMD tangu mwaka 2011, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaueneza mfumo wa LMD katika vyuo vyake kuanzia mwaka wa masomo 2021/2022. Mabadiliko haya yana asili tofauti, lakini yote humfikia mhadhiri kwa agizo moja: andika upya kozi zako.

Kozi haziandikwi upya bila gharama. Wahadhiri huhitaji muda, wawezeshaji, vitabu na vikao vya kukubaliana. Kwa kuwa sehemu kubwa ya bajeti za vyuo vya umma katika ukanda wetu humezwa na mishahara na uendeshaji wa kila siku, kazi hiyo mara nyingi husubiri ruzuku. Fedha zenyewe si haba. Kati ya mwaka 2000 na 2010, Ubia wa Elimu ya Juu Barani Afrika, ulioanzishwa na mashirika manne ya hisani ya Marekani na baadaye kuongezeka hadi saba, ulitoa takribani dola milioni 440 kwa ajili ya vyuo vya nchi tisa, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania. Sehemu tu ya fedha hizo iligusa ufundishaji moja kwa moja. Hata hivyo, ubia huo uliizoesha kanda yetu lugha ya miradi ambayo sasa imekuwa ya kawaida: wito wa maombi, viashiria, ripoti ya robo mwaka na semina ya kufunga mradi.

Makala haya hayaulizi kama ruzuku ni njema au mbaya. Swali hilo ni jepesi mno, na jibu lake halimsaidii mshauri wa sera. Tunauliza: ruzuku ya kuboresha ufundishaji hununua nini hasa, na je, kinachonunuliwa ndicho kinachofundisha? Tunadai kwamba kwa kawaida hununua andiko la kozi, na kwamba kati ya andiko hilo na mwanafunzi pana gharama ambayo hakuna aliyekubali kuibeba. Hatimaye hubebwa na mhadhiri, au huachwa, na kozi hurejea ilivyokuwa.

2. Kozi machoni pa fomu ya maombi

Anayesoma fomu za maombi ya ruzuku za aina hii hukutana na mpangilio unaofanana. Mwombaji hutakiwa kutaja tatizo, kueleza malengo, kuorodhesha shughuli, kisha kuonyesha matokeo yanayopimika ndani ya muda wa mradi. Kinachopimika kwa urahisi ndani ya muda huo ni idadi: idadi ya kozi zilizosanifiwa upya, idadi ya wahadhiri waliopitia mafunzo, idadi ya warsha, idadi ya mihtasari iliyopitishwa na seneti. Mambo haya yana maana, lakini yote hutokea kabla ya mwanafunzi kuketi darasani au pembeni mwa darasa hilo.

Hakuna hila katika mpangilio huu. Mfadhili huwajibika kwa walipa kodi au kwa bodi yake, naye anahitaji ushahidi kwamba fedha zimefanya kazi. Shida ni kwamba ushahidi unaopatikana mapema huanza kuchukuliwa kuwa ndio lengo. Kozi hugeuka kuwa kitu kinachokamilika siku ambapo waraka wake unatiwa saini, kama vile daraja linavyokamilika siku ya kuzinduliwa. Lakini daraja likishajengwa hubeba magari bila mjenzi kuwapo. Kozi haina sifa hiyo, kwani kila mara inapotolewa huna budi kuitenda upya, na nguvu ile ile hutakiwa tena.

Tuchukue mfano wa hesabu, usio wa chuo chochote mahususi. Nchini Uganda kozi ya vipimo vitatu huwa na saa 45 za kukutana na wanafunzi katika muhula. Tuseme kozi hiyo ina wanafunzi 300, na usanifu wake mpya unataka kila mwanafunzi aandike kazi mbili ndefu zitakazosahihishwa na kurudishwa zikiwa na maoni. Ikiwa kila kazi itachukua dakika 20, usahihishaji peke yake utahitaji dakika 12,000, yaani saa 200. Hizo ni zaidi ya mara nne ya saa za kufundisha. Zikigawanywa katika wiki 15, ni zaidi ya saa 13 kila wiki. Mhadhiri mwenye kozi tatu za namna hiyo atasahihisha saa 40 kwa wiki, kabla hajaingia darasani, hajaandaa somo, hajasimamia tasnifu na hajaandika makala anayohitaji ili apandishwe cheo.

Hesabu hii ni nyepesi, lakini haimo katika fomu za maombi. Usanifu bora wa kozi, kwa maana inayotumika leo, karibu wakati wote huongeza kazi ya binadamu: upimaji endelevu badala ya mtihani mmoja, vikundi vidogo badala ya mhadhara, miradi ya nje ya chuo badala ya madokezo ya kunakili. Ruzuku hugharimia uamuzi wa kuongeza kazi hiyo. Kazi yenyewe haigharimiwi.

3. Mradi wa TESCEA: ubora wa usanifu na ufupi wa muda

Ili tahakiki hii isiwe ya jumla mno, tuangalie mradi uliofanywa kwa uangalifu. TESCEA uliendeshwa kati ya mwaka 2018 na 2021 katika vyuo vikuu vinne: Gulu na Uganda Martyrs nchini Uganda, Mzumbe na Dodoma nchini Tanzania. Uliongozwa na shirika la INASP la Uingereza kwa kushirikiana na AFELT, chama cha wahadhiri wa Kenya kinachoshughulikia ufundishaji wa chuo kikuu, na Ashoka Afrika Mashariki. Fedha zilitoka serikali ya Uingereza kupitia programu yake ya SPHEIR.

Mradi huu una sifa tatu zinazoutofautisha na miradi mingi. Kwanza, uliwatumia wawezeshaji wa kanda hii. Wataalamu wa AFELT wanayajua madarasa ya mamia ya wanafunzi kwa kuyafundisha, si kwa kuyasoma ripotini. Pili, uliandaa wahadhiri ambao wangewafunza wenzao, ili maarifa yabaki chuoni baada ya mgeni kuondoka. Tatu, uliunda vikundi vya ushauri vilivyowaweka wahadhiri meza moja na waajiri na wanajamii. Hivyo swali la kozi hii inamwandaa mtu kwa maisha gani liliulizwa kabla ya swali la mada zipi zifundishwe. Kwa upande wa usanifu, hatuna la kuukosoa sana.

Kasoro iko kwenye muda. Shahada ya kwanza ya fani nyingi nchini Uganda huchukua miaka mitatu, na mradi wenyewe ulidumu takribani muda huo huo. Ukitoa miezi ya kujipanga, ya mafunzo, ya kuandika na ya kupitisha mihtasari katika vikao vya chuo, kinachobaki ni muda wa kuifundisha kozi mpya mara moja, au mbili kwa bahati. Juu ya hayo, mwezi Machi 2020 vyuo vya Uganda vilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na vikafungwa tena Juni 2021. Kwa hiyo kozi zilizosanifiwa kwa ajili ya majadiliano ya ana kwa ana zilikutana na mtihani wake wa kwanza wakati milango ya madarasa ilikuwa na kufuli. Mradi ulipokoma mwaka 2021, hapakuwa na mwanafunzi aliyekwisha kupitia shahada nzima iliyosanifiwa kwa namna mpya, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, katika hali ya kawaida.

Mtu anaweza kusema kwamba janga la dunia si kosa la mfadhili. Ni kweli. Lakini muda wa mradi ungekuwa mfupi hata bila janga, na janga lilionyesha tu kwamba hapakuwa na akiba ya muda. Mwaka huo huo wa 2021, Uingereza ilipunguza kiwango cha misaada yake ya nje kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa. Hatudai kwamba uamuzi huo ndio uliofikisha TESCEA mwisho wake. Tunachosema ni kwamba darasa la Gulu au la Mzumbe halikuwa na kiti katika ukumbi uliotolewa uamuzi huo, na kozi isiyo na mlipaji mwingine husimama au huanguka kwa maamuzi ya namna hiyo.

4. Je, tatizo ni umaskini wetu?

Huenda msomaji akafikiri kwamba hadithi hii ni ya nchi maskini, na kwamba penye fedha nyingi matokeo huwa tofauti. Mfano wa Uingereza yenyewe unatuzuia kufikia hitimisho hilo haraka. Kati ya mwaka 2005 na 2010, baraza la kugharimia elimu ya juu la England lilitoa pauni milioni 315 kuanzisha vituo 74 vya umahiri wa ufundishaji na ujifunzaji. Wakati huo hapakuwa na uwekezaji mwingine wa baraza hilo kwa ufundishaji uliofikia kiasi hicho. Vituo vilijengewa kumbi, vikaajiri watu na kutoa ruzuku ndogondogo kwa wahadhiri waliotaka kujaribu mbinu mpya.

Tathmini ya mwisho, iliyotolewa mwaka 2011, iliona manufaa kwa watu na idara zilizokuwa karibu na vituo hivyo, lakini ushawishi mdogo kwa sekta nzima. Fedha zilipokoma, vituo vingi vilifungwa au vikamezwa na ofisi nyingine za chuo. Australia nayo ilikuwa na chombo cha taifa cha kutoa ruzuku za ufundishaji. Kilibadilishwa jina na umbo zaidi ya mara moja, hatimaye ofisi iliyokirithi ikafungwa mwaka 2016.

Kwa hiyo fedha nyingi kwa muda mfupi hazitatui tatizo ambalo chanzo chake ni muda mfupi. Tofauti kati ya England na Afrika Mashariki ni kwamba kule mhadhiri aliporudi kwenye hali ya zamani baada ya ruzuku, hali hiyo ya zamani ilikuwa bado na maktaba, wasaidizi wa kufundisha na madarasa ya ukubwa unaovumilika. Huku, hali ya zamani ni ile ile iliyosababisha ruzuku iombwe.

5. HEET: pale ruzuku inapokuwa deni

Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi wa Tanzania, unaojulikana zaidi kwa ufupisho HEET, ni wa ukubwa mwingine kabisa. Uliidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa dola milioni 425, na ulipangiwa miaka mitano. Unajenga kampasi, maabara na madarasa, unagharimia masomo ya juu ya wahadhiri, na unahuisha mitaala ya vyuo vikuu vya umma.

Katika mazungumzo ya kila siku vyuoni, fedha za HEET husemwa kama kwamba ni ruzuku. Kwa mtazamo wa idara inayopokea fungu lake, ni kweli, kwa kuwa idara hairudishi chochote. Kwa mtazamo wa taifa, huo ni mkopo wa masharti nafuu. Wanafunzi wanaoketi leo katika kozi zilizohuishwa ndio walipa kodi watakaoulipa. Hili si hoja ya kuukataa mradi. Mkopo unaojenga maabara na kumsomesha mhadhiri hadi uzamivu huacha kitu kinachodumu, na kwa upande huo HEET umeizidi miradi mingi iliyoishia kwenye warsha. Ila linatuwekea kipimo kikali zaidi. Mtaala uliohuishwa kwa mkopo, kisha ukafundishwa kwa namna ya zamani kwa sababu hakuna wasahihishaji wala vikundi vidogo, ni mtaala ambao kizazi kimoja kimeukosa na bado kitaulipia.

Watetezi wa miradi ya aina hii hutoa jibu linalostahili kusikilizwa: gharama za kila mwaka ni wajibu wa serikali, na mkopo au ruzuku haifai kulipia mishahara isiyo na mwisho. Tunakubaliana nao. Lakini kutoka kwenye kanuni hiyo kuna njia mbili tu zenye uaminifu. Ama mkataba uitaje wazi gharama ya kuifundisha kozi mpya na uonyeshe nani ataibeba mradi ukiisha, ama kozi isanifiwe kwa kuzingatia saa na watu waliopo. Njia ya tatu, ambayo ndiyo iliyozoeleka, ni kusanifu kozi kwa ajili ya chuo kisichokuwapo na kumwachia mhadhiri tofauti.

6. Fedha huichagua kozi

Kuna hatari nyingine, nayo Uganda imekwisha kuionja. Katika kitabu chake kilichotolewa na CODESRIA mwaka 2007, Mahmood Mamdani anachambua mageuzi ya Chuo Kikuu cha Makerere kati ya mwaka 1989 na 2005. Anaonyesha jinsi mlango wa wanafunzi wanaojilipia ulivyogeuza hesabu za vitivo: vitivo vikashindana kubuni programu za kuvutia ada, na kilichofundishwa kikaanza kufuata kilichouzika badala ya kufuata utafiti na mahitaji ya taaluma.

Ruzuku si ada, na mfadhili si soko. Hata hivyo, utaratibu wa ndani unafanana. Wito wa maombi unapotaja maudhui yanayopendelewa, kama vile ujasiriamali, teknolojia au uwezo wa kuajirika, idara hujifunza kuziita kozi zake kwa majina hayo. Idara za falsafa, historia na lugha hujipamba kwa msamiati usio wao au hukaa nje. Baada ya miaka kadhaa ramani ya kozi zilizosanifiwa upya chuoni huwa ramani ya vipaumbele vya wafadhili, hata kama hakuna mfadhili aliyewahi kumwamuru mtu yeyote. Makerere ilihitaji miaka mingi kugundua kilichopotea katika enzi ya soko, kwa sababu kila programu moja moja ilionekana kuwa na faida. Ruzuku nazo huonekana hivyo hivyo zinapotazamwa moja moja.

7. Lugha ya fomu na lugha ya darasa

Kwa wanaoshughulika na Kiswahili, suala hili lina upande mwingine. Rwanda iliifanya lugha hii kuwa rasmi mwaka 2017. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha iwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huo huo wa 2022. Maamuzi hayo yote yanahitaji walimu, na walimu huandaliwa na kozi za chuo kikuu. Kwa hiyo, katika nchi jirani za Tanzania, kozi za Kiswahili ni miongoni mwa zile zinazohitaji kusanifiwa upya kwa haraka zaidi.

Hata hivyo, maombi ya ruzuku, mihtasari ya ithibati na ripoti za mradi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, hata pale kozi yenyewe inapokuwa ya Kiswahili na kwa Kiswahili. Matokeo yake si usumbufu wa tafsiri tu. Wanaosanifu kozi hulazimika kufikiri matatizo ya darasa lao katika lugha ambayo darasa hilo halitaitumia. Mhadhiri anayetaka kueleza kwa nini mwanafunzi wa Gulu anayezungumza Kiacholi hukwama kwenye upatanisho wa ngeli, au kwa nini yule wa Bukavu anakuja na Kiswahili fasaha cha nyumbani kisichofanana na cha mtihani, hujikuta akitafuta neno la jumla la kigeni linalokubalika katika kisanduku cha fomu. Tatizo huingia likiwa mahususi, hutoka likiwa la kila mahali.

Hili ni hasara pia kwa fikra ya ufundishaji. Kiswahili kina kitenzi kujifunza, ambacho kiambishi chake cha kujirejea humfanya mwanafunzi kuwa mtenda na mtendwa kwa pamoja. Wazo linalosemwa leo kuwa jipya, kwamba mwanafunzi ndiye mwenye kazi ya kujenga maarifa yake, limo katika umbo la neno hilo. Istilahi za matokeo ya ujifunzaji, umilisi na upimaji endelevu zipo na zinatumika. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilionyesha kwamba kozi, mitihani na tasnifu vinaweza kuendeshwa kwa lugha hii. Kinachokosekana ni mamlaka ya ithibati na wafadhili kuupokea waraka ulioandikwa kwa Kiswahili kama waraka kamili.

8. Nini kifanyike

Mfano wa Afrika Kusini unafaa kuchunguzwa, si kwa kunakiliwa bali kwa kanuni yake. Mwaka 2018 serikali ya nchi hiyo iliunganisha ruzuku yake ya kuendeleza ufundishaji na ile ya kuendeleza utafiti kuwa ruzuku moja ya kujenga uwezo wa vyuo vikuu. Kila chuo cha umma huwasilisha mpango wa miaka mitatu, na mpango mmoja ukiisha hufuatwa na mwingine. Fedha hizi zina masharti na ripoti zake, nazo hazijamaliza matatizo ya vyuo hivyo. Lakini zinatoka katika bajeti ya taifa, na chuo kinajua kwamba mwisho wa mpango si mwisho wa fungu.

Kanuni hiyo haiko mbali na uwezo wetu. Kuanzia mwaka wa fedha 2019/2020, serikali ya Uganda ilianza kuipatia Makerere shilingi bilioni 30 kwa mwaka kwa ajili ya utafiti na ubunifu. Uamuzi huo ulithibitisha kwamba hazina ya nchi ya kanda hii inaweza kutenga fungu la kudumu kwa kazi ya kitaaluma na kuliendesha kwa ushindani wa wazi. Utafiti ulipata mlango huo kwa sababu ulitetewa kuwa uwekezaji. Ufundishaji unastahili utetezi huo huo.

Kwa msingi huu tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila kozi inayosanifiwa upya kwa ruzuku iambatane na bajeti ya saa. Waraka uonyeshe idadi ya wanafunzi wanaotarajiwa, saa za kufundisha, saa za kusahihisha na majina ya vyeo vya watakaozifanya. Kozi ambayo hesabu yake haifungi irudishwe mezani kabla ya kupelekwa seneti. Mamlaka za ithibati, yaani NCHE ya Uganda, CUE ya Kenya, TCU ya Tanzania na nyinginezo, zinaweza kulidai jambo hili bila kungoja mfadhili yeyote.

Pili, ruzuku igawanywe ili sehemu yake ibaki kwa ajili ya mizunguko miwili ya kwanza ya kufundisha. Fungu la mwisho litolewe baada ya mzunguko wa pili, na ligharimie wasaidizi wa kusahihisha, marekebisho ya kozi na maoni ya wanafunzi. Kozi chache zitakazopitia safari hiyo yote zitakuwa na thamani kuliko kozi nyingi zilizoishia kwenye jalada.

Tatu, serikali zitenge fungu dogo la kudumu la ufundishaji katika bajeti za vyuo vya umma, na makubaliano ya miradi mikubwa yaeleze ni lini na kwa kiasi gani fungu hilo litachukua nafasi ya fedha za mradi. Kuhusiana na hili, kanuni za kupandisha vyeo zitambue kozi iliyosanifiwa, ikafundishwa na kutathminiwa na wanataaluma wenza kuwa kazi ya kitaaluma. Mhadhiri anayepoteza cheo kwa kusahihisha vizuri hatasahihisha vizuri kwa muda mrefu.

Nne, nyaraka za kozi za Kiswahili zipokewe kwa Kiswahili katika hatua zote, kuanzia maombi hadi ripoti. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar zina nafasi ya kuandaa kwa pamoja fomu moja ya usanifu wa kozi kwa Kiswahili, itakayotambuliwa na mamlaka zote za nchi wanachama. Kazi hiyo haihitaji mamilioni. Inahitaji uamuzi.

9. Hitimisho

Ruzuku za kuboresha ufundishaji zimeleta katika vyuo vyetu mambo ambayo bajeti za kawaida hazikuyaleta: wahadhiri wa taaluma tofauti kukaa pamoja kujadili ufundishaji, waajiri kusikilizwa, kozi za zamani kuulizwa maswali. Tahakiki hii haikusudii kuzifunga milango hiyo. Inakusudia kuonyesha kwamba fedha hizo husimama hatua moja kabla ya mahali ambapo kufundisha huanza, na kwamba hatua iliyobaki ndiyo ya gharama kubwa.

Wanafunzi wa mtaala mpya wa Uganda watakapofika vyuoni mwaka 2027, watakuwa wamezoea kuuliza, kufanya miradi na kupimwa kwa kazi wanazozifanya muhula mzima. Mihtasari itakayowapokea huenda itakuwa tayari, kwa kuwa kuandika mihtasari ndiko tunakogharimiwa. Swali la kujibiwa kabla ya mwaka huo, katika bajeti na wala si katika hotuba, ni nani atakayezisoma kazi zao na atapewa saa ngapi za kufanya hivyo.